Siku Tuliyoipa Roma Kisogo

Meli inapofunga gati Civitavecchia, karibu abiria wote huwa na neno moja mdomoni: Roma. Ndiyo kazi ya bandari hii tangu mwanzo. Kaizari Trajano aliijenga mwanzoni mwa karne ya 2 ili mji mkuu wake upate lango la baharini, na hadi leo mambo hayajabadilika sana. Asubuhi mabasi makubwa hujipanga mstari, kila moja na namba yake kwenye kioo cha mbele, na kufikia saa mbili mengi yamekwishaondoka. Ni mwendo wa kilomita 70 na ushee. Watu watapelekwa Colosseum, watapelekwa Vatikani, watasimama foleni juani, na jioni watarudi melini miguu ikiwaka moto.

Mimi na shangazi yangu tuliipa Roma kisogo. Yeye alikwishafika huko kwa hija ya parokia, mimi kikazi, na sote wawili tulikuwa na hamu ya Italia isiyopangiwa foleni. Tukakata nafasi katika gari dogo la abiria wanane lililokuwa likielekea kaskazini, kwenye vilima vya Tuscia: kwanza kijiji kinachomomonyoka, kisha msitu wa majitu ya mawe, mwisho bustani ya kardinali wa karne ya 16. Shangazi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kondoa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku ile macho yake yalinifaa kuliko kitabu chochote cha watalii.

Wenzetu garini walikuwa mume na mke kutoka Kanada, baba na binti zake wawili kutoka Ureno, na bibi mmoja Mjerumani aliyepakata daftari la kuchorea. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Viterbo, anayezungumza polepole na kujibu kila swali kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Tulipopandisha Montefiascone, shangazi aliona maji yanang'aa chini ya kilima akauliza ni nini. Dereva akaegesha. Tukashuka sote, tukasimama ukingoni kulitazama Ziwa Bolsena. Basi la watu hamsini halisimami kando ya barabara kwa sababu mama mmoja ameona ziwa.

Pale ukingoni ndipo tulipopata ufunguo wa safari nzima. Bolsena ni ziwa la volkano. Shimo lake lilitokana na ardhi kudidimia baada ya milima ya moto ya Vulsini kutapika kwa muda mrefu sana. Majivu yaliyotapikwa yalitanda nchi nzima, yakashikamana na kuwa jiwe jepesi la rangi ya asali na kahawia ambalo Waitalia huliita tufo. Kusini kidogo, milima mingine ya moto, ya Cimini, iliacha jiwe gumu zaidi, la kijivu, liitwalo peperino. Mwongozaji alituambia tuyashike mawe hayo mawili akilini, kwa kuwa kutwa nzima tungeyakuta yakiwa yamevaa sura tofauti. Nimetembezwa na waongozaji wengi wa watalii. Wachache hukuanzishia na jiwe badala ya mfalme, na huyu alikuwa sahihi.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Bagnoregio, mji mdogo wa kawaida, wenye duka la mikate, kanisa na wazee kwenye mabenchi. Kigari cha mizigo cha magurudumu matatu kilitupita kikiwa kimejaa makreti ya maji. Kiwanda cha Piaggio kilianza kutengeneza vigari vya namna hiyo mwaka 1948, na kampuni ya Bajaj ya India ilianza kazi hiyo kwa leseni yake. Kwa hiyo bajaji zetu za Dodoma na Mombasa zina ukoo wao huku. Mtaa mkuu unaishia ghafla kwenye kibaraza cha kutazamia. Mbele yako ardhi inakatika. Ng'ambo ya bonde, juu ya bonge la mwamba lililosimama peke yake, ndiko iliko Civita di Bagnoregio: mapaa ya vigae, mnara wa kanisa, na pande zote genge.

Sote tulinyamaza. Bibi Mjerumani alikwishatoa penseli. Shangazi hakukitazama kijiji. Alikuwa anatazama chini, bondeni, kwenye matuta ya udongo mweupe yaliyochongoka kama visu, yakifuatana hadi upeo wa macho bila mti wala nyasi.

"Haya ni makorongo ya Kondoa, mwanangu," akasema.

Na kweli yalikuwa. Civita imekaa juu ya kofia ya tufo, na chini ya tufo kuna udongo wa mfinyanzi uliolazwa na bahari ya zamani kabla ya volkano. Mvua na vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, huula udongo huo kutoka chini. Udongo ukitoka, tufo inakosa pa kukaa, inapasuka, na kipande cha kijiji kinakwenda na maji. Hivyo ndivyo ilivyo kwa karne nyingi. Waetruski walijenga hapa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na wao wenyewe walilazimika kuchimba mifereji ya kuongoza maji ya mvua. Tetemeko la mwaka 1695 ndilo lililovunja mgongo wa mji. Askofu na watawala walihamia Bagnoregio, watu wakawafuata kidogokidogo, na nyumba zilizobaki ukingoni zikaanguka moja baada ya nyingine. Hata nyumba alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia mkuu wa Wafransisko aliyefariki mwaka 1274, ilikwishaporomoka bondeni. Shangazi aliisali sala yake fupi akiwa ameelekea huko, hewani, mahali palipokuwa na nyumba.

Kondoa nayo iliwahi kufikia hatua ya kutisha. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondoke katika eneo lililomomonyoka zaidi. Shangazi alikuwa mwalimu kijana wakati huo. Anakumbuka vumbi la ng'ombe wakitolewa, na vilio vya wenye ng'ombe. Anakumbuka pia nyasi zilivyorudi, kisha vichaka, kisha miti, mpaka baadhi ya makorongo hayaonekani tena. Kwa hiyo swali lake kwa mwongozaji halikuwa la mtalii: "Hapa wamepanda nini?" Jibu lilikuwa refu na la kweli. Katika Civita yenyewe hakuna pa kupanda, alisema, genge limesimama wima mno. Wamefunga mwamba kwa vyuma vilivyozamishwa ndani, wamedhibiti maji ya mvua, wanapima nyufa. Kijijini kuna makumbusho madogo ya jiolojia na maporomoko yanayoonyesha hayo yote. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Wamefika wakati mgonjwa yuko kitandani," akasema. "Sisi tulimwahi akiwa bado anatembea."

Ng'ambo unafika kwa daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965, lenye urefu wa mita 300 hivi. Nusu ya kwanza ni tambarare, nusu ya pili inapanda kwa nguvu na upepo unakupiga ubavuni. Mume yule Mkanada alimpa shangazi mkono, naye akaupokea kwa adabu kisha akamtangulia. Mlango wa mji umepasuliwa ndani ya mwamba, na juu yake kuna simba wawili wa mawe, kila mmoja amekamata kichwa cha mtu kwa kucha zake. Ni kumbukumbu ya siku wananchi walipowafukuza mabwana wa ukoo wa Monaldeschi. Ukishavuka kivuli cha mlango huo, unatokea kwenye vichochoro vya maua, ngazi za mawe za nje, paka, na uwanja mmoja wa changarawe mbele ya kanisa la San Donato. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Septemba, punda hushindanishwa kuuzunguka uwanja huo.

Wakazi wa kudumu hawafiki 20. Lakini wageni, kabla ya korona, walikaribia 1,000,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio iliamua kutoza kiingilio, kwanza euro 1.50, baadaye kikapandishwa hadi 5, na mapato yakawa mengi kiasi cha kuiwezesha halmashauri kuwafutia wananchi kodi zake. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Ni haki kabisa fedha ya mgeni imfikie anayeishi na mzigo wa mahali. Hata hivyo nilikitembea kile kijiji hadi ukingo wa mwisho, na sikuona nguo zimeanikwa, sikusikia mtoto, sikunusa chakula cha nyumbani ila mikate ya kuokwa ya watalii iliyopakwa mafuta ya zeituni. Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio, aliiita Civita mji unaokufa, na maneno hayo sasa yameandikwa kwenye kila kibao. Mwamba unaweza kufungwa kwa vyuma. Familia za kulala humo haziji kwa vyuma, na hilo ndilo ningependa halmashauri itumie fedha yake kulishughulikia kuliko kitu kingine chochote.

Saa nne na nusu, makundi makubwa yalipoanza kujaa darajani, sisi tulikuwa tunatoka.

Barabara ya kwenda Bomarzo inapita kwenye mashamba ya hazelnati, kokwa zinazokwenda kwenye viwanda vya chokoleti. Bomarzo yenyewe ni kijiji kilichobanana chini ya jumba la ukoo wa Orsini. Tulichokifuata kiko bondeni, msituni.

Pier Francesco Orsini, aliyejulikana kama Vicino, alizaliwa mwaka 1523. Alikuwa askari, akapigana, akatekwa, akarudi nyumbani. Bondeni mwake kulikuwa na mabonge ya peperino yaliyoporomoka zamani na kutawanyika kati ya miti. Bwana mwingine wa zama zile angeyaondoa, asawazishe ardhi, apande maua kwa mistari. Vicino aliwaita wachongaji, akawaambia wayachonge yalipolala. Bonge kubwa la duara likawa kobe aliyebeba mwanamke mgongoni. Bonge refu likawa jitu linalompasua mwenzake miguu. Mwamba ulioinama ukachongwa nyumba nzima ya ghorofa iliyoinama nao. Ukiingia, sakafu na kuta zinavutana na kichwa chako mpaka unashika ukuta. Hakuna njia moja ya kufuata. Unapita chini ya mti, unageuka, unakutana na joka.

Mbele ya tembo shangazi alisimama sana. Ni tembo wa vita, mkubwa, ana mnara mgongoni na mwendeshaji shingoni, na mkonga wake umemviringa askari aliyelegea kama nguo. Kondoa iko jirani na Tarangire. Tembo kwao si hadithi. Alimzunguka, akamtazama miguu, akamtazama mkonga. "Aliyechonga hakumwona tembo," akasema, "lakini mtu aliyekufa amemwona." Ukiutazama mkono wa yule askari unavyoning'inia, utakubali. Baba Mreno, aliyekuwa karibu, aliomba nimtafsirie, kisha akakaa kimya akimtazama yule askari kwa muda.

Sanamu maarufu kuliko zote ni uso wa zimwi, kinywa wazi, macho mashimo matupu. Kwenye midomo yake pamechongwa maneno kwamba humo mawazo yote hupaa. Unapanda ngazi, unaingia kinywani, unakuta chumba kidogo chenye benchi pembeni na meza ya mawe katikati, ambayo kutoka nje huonekana kama ulimi. Humo ndani sauti haina siri. Binti mdogo wa yule Mreno alimnong'oneza dada yake neno, na sisi tuliosimama chini ya ngazi tukalisikia waziwazi.

Vitabu vingi vya watalii husema Vicino alijenga yote haya kwa huzuni ya kufiwa na mkewe, Giulia Farnese. Sikubali. Katika msitu huo huo kuna maandishi yenye mwaka 1552, na wakati huo Giulia alikuwa hai. Kilicho wazi kuwa chake ni hekalu dogo lililoko juu kabisa, baada ya majitu yote, ambalo aliwekewa wakfu alipofariki. Mjengo wake ni mtulivu, wa nguzo na kuba, umenyooka. Mimi naamini msitu ulianza na mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa na mambo aliyoyaona na asiyeweza kuyasema mezani, na huzuni ya mke ikaja baadaye, ikapata mahali pake juu ya kilima. Naliona hilo kwenye mkono wa askari kuliko kwenye maandishi.

Baada ya kifo cha Vicino mwaka 1585 msitu ukasahauliwa. Miiba ikafunika majitu, wachungaji wakalisha humo. Salvador Dalí alifika mwaka 1948, akavutiwa mno, na jina la Bomarzo likaanza kusikika tena. Mwaka 1954 Giovanni Bettini alilinunua eneo lote, akatumia maisha yake kulisafisha na kusimamisha kilichoanguka. Bila yule bwana tungekuwa tunatembea juu ya sanamu bila kujua.

Chakula cha mchana kilikuwa chepesi: jibini, mkate, maharagwe, matango ya bizari. Muda ulitubana kuliko njaa, tukaondoka.

Bagnaia iko kilomita chache mashariki ya Viterbo, na humo ndimo ilimo Villa Lante, bustani ya kardinali. Nilikwenda nikidhani kwamba baada ya majitu, bustani ya ua wa mraba itakuwa ya kupumzikia tu. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Kardinali Gianfrancesco Gambara alikuwa askofu wa Viterbo kuanzia mwaka 1566, na inaaminika kuwa msanifu wa bustani yake hii alikuwa Vignola. Kazi ya maji ilifanywa na fundi kutoka Siena, Tommaso Ghinucci. Cha kwanza kinachokushangaza ni kwamba hakuna jumba. Palipostahili kuwa na jumba la kardinali katikati, kuna nyumba mbili ndogo pacha, moja kushoto, moja kulia, na katikati yake njia imeachiwa maji. Gambara alijenga ya kwanza; ya pili ilijengwa baada ya kifo chake na Kardinali Alessandro Peretti Montalto, ambaye angeweza kujenga chochote alichotaka na akakubali kufuata mchoro wa marehemu. Kwa mtu wa cheo kile, katika zama zile, hilo ni jambo la heshima kubwa.

Mwongozaji alitupandisha hadi juu kabisa, nyuma ya bustani, ili tushuke na maji. Yanatoka kwenye pango lenye ndago na kuvu, yakibubujika ovyo kama mvua. Yanaingia kwenye chemchemi ya pomboo. Halafu yanaanza kuteremka katika mfereji wa peperino uliochongwa mviringo baada ya mviringo, kama mwili wa kamba wa mtoni, maana jina la Gambara linafanana na jina la kiumbe huyo kwa Kiitalia na ndiye aliyemweka kwenye nembo yake. Kila mviringo unayageuza maji kidogo, yanajikunja, yanapiga kingo, yanacheka. Hakuna pampu. Mteremko tu, na hesabu ya mtu aliyejua maji yataufikia kila ukingo kwa nguvu ipi. Chini ya kucha za kamba kuna majitu mawili yaliyolala, mito Tiber na Arno, kila mmoja na ndevu za kuvu.

Kisha unafika kwenye meza. Ni ya mawe, ndefu, na katikati yake, kutoka mwisho hadi mwisho, umepita mfereji wa maji yale yale. Wageni wa kardinali walikaa pande zote mbili, na vinywaji na matunda vikapoezwa majini mbele yao. Shangazi aliweka kiganja ndani. Maji yalikuwa baridi ya kweli, ya mlimani, katika mchana uliokuwa umechemka. Akapitisha vidole kwenye ukingo wa mfereji, mahali jiwe lilipolainishwa na mikono na maji ya zaidi ya miaka 400, akasema fundi aliyelichonga hakuwa na haraka.

Chini kabisa bustani inalala tambarare: ua uliokatwa kwa michoro, mabwawa manne, kila moja na mashua ya mawe, na katikati vijana wanne wa peperino walioinua juu nembo ya Montalto, vilima na nyota. Wenyeji huwaita Wamoro. Shangazi alitaka kujua ni kwa nini waliobeba mzigo wa kardinali ndio walioitwa kwa jina la watu wa Afrika. Mwongozaji alisema ni weusi wa jiwe. Huenda. Lakini jiwe la mashua, la meza na la mito ni la ukoo huo huo, na hakuna aliyeyapa jina hilo. Alikubali kwamba swali lina haki yake, na nilimheshimu kwa hilo. Tulibaki pale mpaka dereva alipoonyesha saa.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii: uwe na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikitoka nje ya eneo hilo na kurudi unahesabiwa umeingia upya. Meli haimsubiri aliyekwenda kwa gari lake mwenyewe, kwa hiyo mwambie dereva saa ya kuondoka na uweke nafasi ya saa nzima kwa foleni za barabarani. Anza na Civita, asubuhi mapema, viatu vya kamba. Epuka Jumatatu, kwa kuwa Villa Lante hufungwa siku hiyo. Na muda ukibana ikabidi uache sehemu moja, Civita utaiona vizuri hata ukiwa kwenye kibaraza cha Bagnoregio bila kuvuka daraja, Bagnaia usiiache.